Misumari Mdomoni

"Bila shahidi, mzee, hii ni karatasi tu," afisa alisema, akairudisha bahasha chini ya kioo kwa vidole viwili.

Fundi hakuwa mzee. Mvi alikuwa nazo chache, na hizo alipenda kuamini kwamba ni vumbi la sponji lisilotoka hata kwa sabuni. Aliipokea bahasha. Mkono wake wa kushoto ulipanda wenyewe hadi mdomoni, kama ulivyozoea kila anapoambiwa jambo gumu, ukakuta midomo mitupu, ukashuka.

"Shahidi wa namna gani?"

"Mwananchi mwenzako, anayekufahamu. Aje na kitambulisho, aape hapa mbele yangu kwamba wewe ndiye wewe."

"Na nisipompata?"

"Utachukua miadi nyingine. Zilizobaki sasa ni za mwakani."

Ni aibu kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa: fundi alifurahi. Alisogea kando kumpisha aliyefuata, uso ameukunja kama mtu aliyevunjwa moyo, na huku kifuani mwake kulikuwa na sherehe. Mwakani! Hakuna aliyekataa, hakuna aliyekosea, ni utaratibu wa ofisi tu. Angempigia mkewe jioni amwambie, wamenirudisha, wanataka shahidi, na mimi huku namjua nani? Na ingekuwa kweli tupu. Huku ugenini alimjua tajiri wake mwenye karakana, alijua mafundi wenzake ambao walitoka nchi nyingine kabisa, na alijua makochi.

Ndani ya bahasha mlikuwa na hati ya ridhaa. Mkewe alikuwa amekwenda mahakamani kuomba ndoa yao ivunjwe, na mahakama ilitaka mume naye aape mbele ya afisa wa ubalozi kwamba amekubali. Hapakuwa na ugomvi. Hapakuwa na mwanamume mwingine, maana hilo ndilo swali la kwanza la kila mtu. Mkewe alilisema kwa simu, kwa sauti ile ile ambayo angeagizia uzi dukani.

"Nimechoka kuolewa na mguno. Nisaidie jambo hili moja tu, sitakuomba lingine."

Naye, Mungu amsamehe, akajibu, "Mh."

Alijibu hivyo kwa sababu alikuwa na misumari mdomoni.

Kazi ya makochi, ile ya zamani, haina maneno. Fundi hujaza misumari midogo mdomoni, ulimi ukaigeuza mmoja mmoja mpaka kichwa kitangulie, mkono ukaupokea, nyundo ikaupiga, na kabla haujazama vizuri mwingine uko tayari kati ya midomo. Siku hizi mafundi wengi wana mashine ya kupigia pini, na vinywa vyao viko huru kuimba na kusengenya. Yeye hakuizoea ile mashine. Tajiri wake alimwekea makochi ya kale, yale ya watu wanaotaka kila kitu kiwe kama kilivyokuwa kwa babu yao, na hayo hayataki pini.

Aliyemfundisha misumari alikuwa baba wa mkewe. Mzee huyo alikuwa na karakana ya mabati, na binti yake alikaa dirishani kwenye cherehani akishona vitambaa vya makochi, pini zimemjaa mdomoni. Vinywa viwili vimefungwa kutwa nzima, na bado hapakuwa na watu walioongea kama wao. Mguno mfupi ulikuwa "nipe mkasi." Uliopanda mwishoni ulikuwa "umesema nini?" Ulioshuka taratibu ulikuwa "nimechoka, tufunge." Kulikuwa na mwingine wa puani, wa kumcheka mteja aliyeleta kochi limejaa kunguni akaapa kwamba ni mbegu za ufuta. Mzee alikuwa akiwaambia wateja kwamba amefuga ng'ombe wawili humo ndani.

Binti alipokuwa na neno la maana hasa, alitema pini zake kwenye kisahani cha bati pembeni ya cherehani. Zililia kama mvua ya kwanza juu ya paa, na kila mtu karakanani alinyamaza, akijua sasa linakuja. Siku fundi alipomposa, yeye ndiye aliyetema. Alitema misumari yote kiganjani, akafuta midomo kwa mkono wa shati, akasema neno zima, "Nataka tuoane," kisha akasubiri asikie pini zikianguka. Hazikuanguka. Binti alimtazama tu juu ya kitambaa cha kijani, macho yamejaa, pini zimemchongoka midomoni kama masharubu ya paka, akasema, "Mh."

Fundi hajasikia hotuba nzuri kuliko ile maishani mwake.

Kosa lake, na ni kosa ambalo mtu wa kazi nyingine asingelifanya, ni kudhani kwamba mguno husafiri. Alipokwenda ugenini kutafuta, kwa muda mfupi tu kama walivyopatana, alijizoesha kuiweka simu mezani karibu na kopo la gundi, sauti imefunguliwa yote, na mkewe akawa anaongea huku yeye anapiga misumari. Mvua imeharibu ukuta wa uani. Mh. Jirani amejifungua pacha. Mh! Lini utakuja? Mh. Kila mguno aliutoa kwa moyo wote, ameupima, ameuweka mahali pake. Hakufikiri kwamba kule karakanani mkewe alikuwa akisoma mabega yake, nyusi zake, nyundo iliyosimama hewani. Kwenye simu hayo yote hayakwenda. Ulikwenda mguno peke yake, mkavu, na muda mfupi ukawa miaka. Alirudi nyumbani mara moja tu katika miaka hiyo, na likizo yake nzima akaimaliza akivalisha upya viti vya mama mkwe, amepiga magoti sebuleni, misumari mdomoni.

Basi siku hiyo ubalozini angeweza kuondoka mara moja na furaha yake. Lakini aliona ni vyema akae kidogo kwenye viti vya kusubiria, ili atakapomwambia mkewe kwamba alisubiri isiwe uongo. Aliangalia viti. Ngozi ya bandia imechanika pembeni, sponji imeliwa na vidole vya watu wenye wasiwasi. Mikanda ya chini imelegea. Mtu aliyeipigilia alikuwa na haraka ya kwenda kwao. Fundi alitia mkono mfukoni kutafuta kisu chake kidogo cha kufumulia nyuzi, akakumbuka kwamba mlinzi alikizuia mlangoni.

"Kaka, wamekukwamisha?"

Aliyeuliza alikuwa mwanamke wa makamo aliyekaa kiti cha pili, mfuko mkubwa mapajani, miguuni viatu vyeupe vya mpira, vile vya watu wanaosimama kutwa. Kazi yake ilikuwa kulea wazee wa watu: kuwaogesha, kuwageuza kitandani, kusikiliza hadithi moja kila asubuhi na kushangaa upya. Hayo aliyasema kabla hajaulizwa. Alikuja kugongewa muhuri nakala za vyeti vya mwanawe, na alikuwa akizisubiri zitoke.

"Wanataka shahidi," fundi alisema.

"Shahidi? Si mimi hapa?"

"Hunijui, dada."

"Nakujua. Wewe ni wa kwetu, una gundi kwenye kucha, na hujatia kitu tumboni tangu uamke. Kuna watu wameoana wanajuana pungufu ya hapo."

"Ni kiapo, lakini."

"Ndiyo maana nitakuhoji. Hawa hawana haraka, na mimi mdomo wangu umekaa bure tangu asubuhi. Haya. Baba yako nani?"

Kumkataa mtu anayetaka kukusaidia ni jambo ambalo fundi hakufundishwa na mtu yeyote. Alimtajia jina la baba yake na la babu yake, mahali alikozaliwa, shule aliyotoroka. Mlezi aliitikia kwa kichwa kila jibu kana kwamba analitia kwenye mfuko wake.

"Umeoa?"

"Nimeoa."

"Shemeji yangu anafanya nini?"

Hapo ulimi wa fundi ulifunguka, na hakuna aliyeshangaa kuliko yeye mwenyewe. Alisema mkewe anashona. Akasema si kushona tu kama washonavyo wengine: anakata kitambaa bila chaki, anakipapasa akiwa amefumba macho akakuambia kitapauka baada ya muda gani. Akasema hulala na futi ya kupimia shingoni kwa kusahau, na usiku fulani fundi aliamka akamkuta anampima bega, yuko usingizini kabisa. Akaeleza habari ya miguno, na kisahani, na ng'ombe wawili wa mzee. Akaguna ule wa kunguni, kwa puani, mpaka watu wa safu ya mbele wakageuka.

Mlezi alicheka hadi akafuta macho kwa ncha ya mtandio. "Kumbe wewe ni domo zege lenye sababu!"

"Na sauti yake," fundi aliendelea, maana sasa hakuweza kusimama, "ukiisikia kwenye simu huwezi kujua ana umri gani. Anaanza jambo katikati. Hakuambii habari tangu mwanzo, anakudondosha tu ndani yake, uogelee."

"Unampenda."

"Nampenda," fundi alisema. Lilitoka kirahisi hivyo, mbele ya mtu ambaye hakujua hata jina lake.

"Haya, nimeridhika. Twende." Mlezi alisimama, akaigusa bahasha kwa kidole. "Na hiki ni kiwanja, sio? Mnanunua na shemeji. Siku hizi kila bahasha humu ni kiwanja."

Fundi aliitazama ile bahasha. Mdomoni mwake hamkuwa na msumari hata mmoja. Nafasi ya kusema ilikuwepo, pana, tena mwenye masikio alikuwa amesimama mbele yake anatabasamu.

"Mh," alisema.

Mlezi akauchukua kuwa ndiyo, na nani angemlaumu?

Dirishani alimtangulia. "Shahidi huyu hapa," alisema, akapachika kitambulisho chake kwenye tundu la kioo kabla ya kuombwa.

Afisa alikuwa kijana aliyefunga tai kwa kubana sana. Alinakili namba, akamtazama mlezi. "Unamfahamu bwana huyu?"

"Namfahamu kabisa. Ni shemeji yangu."

"Kwa mke wake au kwa mumeo?"

"Ushemeji wa ugenini, mwanangu, hauna njia hizo. Uliza nikuambie. Ni fundi wa makochi, amefundishwa na baba mkwe wake. Mkewe ni mshonaji. Huyu hushika misumari mdomoni, ndiyo maana ukimuuliza kitu anaguna. Na anampenda mke wake, hata kama hajui kulisema. Nimekaa naye pale nusu saa, hajazungumza jambo jingine. Kama ni kumjua mtu, huyu namjua. Kalamu iko wapi?"

Afisa hakutoa kalamu. Aliutazama ukurasa wa kwanza, akamtazama fundi, akautazama tena ukurasa, kama mtu aliyeletewa chakula cha meza ya jirani.

"Dada, unajua hati hii ni ya nini?"

"Kiwanja."

"Ni ridhaa ya talaka."

Mlezi aligeuka polepole, mfuko wake ukageuka naye.

"Wewe! Nusu saa nzima unanisifia mwanamke, kumbe unamwacha?"

"Yeye ndiye anayeniacha."

"Kwa nini?"

"Kwa hayo niliyokuambia," fundi alisema. "Yeye sijawahi kumwambia."

Mlezi alivuta pumzi. Hasira ilimpanda, ikashuka, ikapanda tena, na yote yalionekana usoni mwake maana hakuwa mtu wa kuficha. "Basi mimi siweki sahihi yangu hapo. Sikuacha mzee wa watu kitandani nije nivunje nyumba. Toka nje, mpigie simu, mwambie vile vile ulivyoniambia mimi. Hata nusu yake. Mwanamke gani ataambiwa habari ya futi shingoni asahau karatasi?" Akamgeukia afisa. "Mwandike kwamba hana shahidi. Mwandike arudi mwakani."

Mara ya pili siku hiyo fundi alifungiwa mlango na mtu mwingine. Alihitaji tu kunyamaza, kazi anayoijua kuliko zote. Angeichukua bahasha yake, angetoka, na mkewe angebaki mkewe mwaka mwingine, si kwa kosa la mtu. Alimwona mkewe katika mwaka huo. Alimwona kwenye cherehani, simu mezani, anaongea peke yake. Akaona na ile siku ambayo kwa kawaida hakuiruhusu kumjia.

"Dada," alisema. "Tia sahihi."

"Sitii."

"Baba yake alipofariki alinipigia mimi kwanza. Kabla ya ndugu zake. Nilikuwa nimejaza misumari." Sauti yake ilikuwa ndogo, na afisa aliinama kidogo kwenye kioo ili asikie. "Akasema, baba ametutoka. Nikasema mh. Dada, ulikuwa mguno wa uchungu. Yule mzee ndiye aliyenipa kazi, nyundo ninayotumia ni yake. Ungeniona ungejua. Lakini yeye hakuniona. Alisubiri. Nilimsikia anasubiri. Nikatema misumari yote chini, niliposhika simu alikuwa amekata."

"Hukumpigia tena?"

"Kesho yake. Nikaona haya. Nikamuuliza kama mazishi yamekwenda salama."

Mlezi aliushusha mfuko wake sakafuni.

"Tangu siku hiyo hajaniomba jambo hata moja. Haniulizi hata lini nitarudi. Ameomba hili tu. Nikitoka hapa bila muhuri, nitakuwa nimemgunia tena. Safari hii mwaka mzima."

Mlezi alimtazama kama anavyotazama, pengine, wazee wake wanapokataa dawa na wana haki ya kukataa. Kisha aliunyoosha mkono kwenye tundu la kioo bila kumtazama afisa, akapewa kalamu. Aliandika jina lake kwa nguvu, karatasi ikalia.

"Namwekea yeye," alisema. "Si wewe."

"Asante, dada."

"Usinishukuru."

Afisa alizivuta karatasi, akazigeuza, akasita. "Nani amezishona hizi?"

Kona ya juu ya karatasi zile haikuwa na pini ya ofisi. Ilishonwa kwa uzi mweusi, mishono midogo iliyobanana.

"Mke wangu," fundi alisema, na hakuna aliyemsahihisha. "Hushona kila kitu. Hata risiti za umeme."

"Lazima ziachane. Kila ukurasa unapita peke yake kwenye mashine." Afisa alichukua mkasi kutoka kwenye kikombe cha kalamu.

"Usikate! Nipe mimi."

"Mzee, ni uzi tu."

"Nipe mimi, tafadhali."

Zilirudishwa chini ya kioo. Fundi hakuwa na kisu chake, akatumia ukucha. Alijua fundo lilipo: mkewe hulificha nyuma, chini ya mshono wa pili, lisikwaruze mtu. Amefumua vitambaa vya maelfu ya watu maishani mwake, nyuzi zilizooza, nyuzi za mafundi wavivu zinazotoka kwa kuvutwa mara moja. Huu haukutoka kwa kuvutwa. Ulikuwa umerudiwa mara mbili, kama mtu anavyoshona mfuko atakaotia mtoto wake fedha za safari. Mtu angeweza kujiuliza kwa nini mwanamke akaze hivyo karatasi ya kumweka huru mwenyewe, na fundi alijiuliza, kisha akakumbuka kwamba mkewe hajui kushona vingine. Alifumua mshono mmoja mmoja. Foleni ilisubiri. Uzi ulitoka mzima, akauzungushia kidole cha shahada, na karatasi zikaachana, kila moja ina vitundu vyake kwenye kona.

"Sasa soma hapo kwa sauti," afisa alisema, na safari hii alisema kwa upole.

Fundi alisoma. Jina lake, jina la mkewe, tarehe ya ndoa. Akafika mwisho.

"Naridhia."

"Sauti zaidi kidogo, mzee. Hiki kioo kizito."

"Naridhia!" fundi alisema, na wote mle ndani wakasikia, mpaka mlinzi mlangoni. Akatia sahihi. Muhuri ukagonga pigo moja, kama wanavyopiga mafundi wanaojua kazi.

Nje, mlezi alikuwa akimsubiri kwenye ngazi, ingawa nakala zake zilikuwa zimeshatoka na mzee wake alikuwa anangoja kugeuzwa. Alikuwa bado amekasirika. Alitoa mkate kwenye mfuko wake, akaumega, akampa kipande kikubwa.

"Kula. Halafu mpigie."

"Atakuwa kazini."

"Na wewe umekuwa kazini miaka yote hiyo, yeye hakukupigia? Mpigie." Alishuka ngazi mbili tatu, akageuka, akanyoosha kidole. "Na usigune!"

Fundi alikaa kwenye ukuta mfupi wa bustani ng'ambo ya barabara. Mkate aliuweka kando. Mlinzi alikuwa amemrudishia kisu chake, bahasha ilikuwa mapajani ina muhuri ulio bado na unyevu, na hapakuwa tena na kitu cha kusubiri. Alipiga simu. Hakuiweka pembeni wala hakufungua sauti. Aliishikilia sikioni kwa mikono miwili.

Cherehani ndiyo iliyotangulia kusikika. Kisha yeye.

"Imetoka?"

"Imetoka. Nitaituma kesho asubuhi."

"Haya. Asante." Cherehani haikusimama. "Nina kochi la watu hapa, wanalitaka leo."

"Usikate," fundi alisema.

Alikuwa hajui aanzie wapi, kwa hiyo alianza katikati, kama afanyavyo mkewe. Alisema walitaka kuukata uzi wako, nikakataa, nimeufumua, ninao hapa kidoleni. Akasema kuna dada mmoja ameniapia kwamba mimi ni mimi, alinipa nusu saa tu, nikamweleza habari zako zote, na jinsi ulivyonipima bega usingizini. Sikuwahi kukuambia hilo. Uliniandikia namba begani kwa kidole. Niliogopa kucheka nisikuamshe. Alisema wamenisomesha kwa sauti, mara mbili, maana kioo ni kizito. Maneno yalimtoka vibaya, mengine kabla ya zamu yake, na alipopotea njia hakunyamaza.

"Na siku ile ya baba," alisema. "Nilimlilia. Nilitema misumari chini, nikakaa sakafuni katikati yake, sikupiga hata mmoja tena mpaka giza likaingia. Tajiri akadhani naumwa. Hukuniona, ilinipasa nikuambie. Najua nimechelewa. Sikuambii ili ubadili kitu, karatasi imeshagongwa, nitaituma. Nakuambia tu kwa sababu ni habari yako, na nimekaa nayo mimi."

Cherehani ilikuwa imesimama. Hakujua ilisimama lini, kwenye neno lipi.

Alisubiri. Gari la takataka lilipita, likasimama, likaondoka, naye akaziba sikio la pili asikose kitu. Upande wa pili kulikuwa na pumzi, na mbali zaidi mtoto wa jirani aliyekuwa akiimba hesabu.

Kisha mkewe akasema, "Mh."

Ulitokea puani, umebanwa na midomo iliyofungwa, na fundi akajua papo hapo kwamba alikuwa amejaza pini mdomoni huku akimsikiliza. Alifumba macho. Aliutafuta mguno ule miongoni mwa yote anayoijua. Haukuwa wa mkasi. Haukupanda, haukushuka. Ulifanana kidogo na ule wa siku ya kitambaa cha kijani, na ulifanana kidogo na mtu aliyechoka anayetaka kumaliza kochi la watu, na bila uso wake hapakuwa na namna ya kuitenganisha hiyo miwili. Kumbe hivi ndivyo ilivyokuwa kuusikia.

Hakuuliza. Alikaza simu sikioni, uzi mweusi umemzunguka kidole, akasubiri asikie pini zikianguka kwenye kisahani.